Si chakula cha njaa

Nimesoma makala inayosema eti sisi watu wa Kusini mwa Tanzania tulikula mabuu ya mbawakawa kwa sababu ya njaa. Hapo mwandishi wake kateleza. Kwetu Mikindani mabuu ya chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, yalipatikana mtu akipasua gogo la mnazi lililooza, na mara nyingi nyumbani samaki walikuwepo. Tuliyala kwa sababu ni matamu, basi. Bibi aliyaminya kwanza kutoa ule uchafu mweusi wa tumboni (ukiuacha unatafuna mchanga), akayaosha kwa maji ya chumvi, kisha kikaangoni bila tone la mafuta, maana yanajitoa mafuta yenyewe mpaka tunachovya ugali wa muhogo humo humo. Ripoti ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2013 inasema karibu asilimia 31 ya wadudu wanaoliwa duniani ni jamii ya mbawakawa. Wanaowala hao wote wana njaa? Protini imo, mafuta yamo, madini ya chuma na zinki pia, na kila buu linaloliwa ni chonga mmoja pungufu shambani. Ninachoogopa mimi ni dawa: gogo lililopuliziwa sumu liacheni lilivyo. Na anayevimba akila kamba awe mwangalifu, mwili wake unaweza kuwakataa na hawa. Wenzangu wa Newala na Nachingwea, huko minazi michache, nyie mabuu mnayafukua wapi, kwenye samadi?