Maktaba za Nairobi: fundi amefika, mwangalizi bado

Ukitaka kujua Nairobi ina kiu ya maktaba kiasi gani, fika McMillan pale Banda Street asubuhi ya siku ya kazi. Panda ngazi, pita kati ya wale simba wawili, ingia ukumbi wa kusomea. Wengi utakaowakuta hawakuja kuazima kitabu. Wamekuja na daftari zao, karatasi za mitihani iliyopita na chupa ya maji. Kinachowaleta ni meza, kiti na utulivu, vitu ambavyo havipatikani katika nyumba ya chumba kimoja wanamolala watu watano. Adhana ya Msikiti wa Jamia, jirani wa maktaba, huingia madirishani, na vichwa vinabaki vimeinama.

Lalamiko la wakazi kwa serikali ya kaunti kuhusu maktaba lina sehemu mbili. Ya kwanza ni majengo: paa, nyaya, vyoo, rafu, vitabu vipya. Ya pili ni usimamizi: nani anaulizwa vitu hivyo vikiharibika, na anajibu wapi. Ya kwanza husikika sana kwa sababu inaonekana kwa macho. Mimi naona ya pili ndiyo nzito zaidi, ingawa wanaofikiri vingine wana hoja zisizofaa kupuuzwa.

Tuanze na jengo lenyewe, maana historia yake inaeleza mengi. McMillan ilifunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, Northrup McMillan, mlowezi tajiri aliyezaliwa Marekani, na shirika la Carnegie la New York likachangia fedha. Ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi mwaka 1958. Mwafrika aliweza kupita mbele ya zile nguzo kila siku akienda kazini na asiwahi kukanyaga ndani. Mwaka 1962 Baraza la Jiji likaichukua, na watoto wa Eastlands nao wakaja kuwa na matawi yao, Kaloleni na Makadara. Jengo la McMillan pia lina sheria yake lenyewe, Sura ya 217 ya Sheria za Kenya. Ni majengo machache mno yenye heshima hiyo. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa maktaba zote tatu zilichakaa huku sheria hiyo ikiwa mahali pake. Kama karatasi ya Bunge haikuzuia uchakavu, basi kuna kitu kingine kilikosekana.

Mwaka 2017 wanawake wawili, mchapishaji Angela Wachuka na mwandishi Wanjiru Koinange, walianzisha shirika la Book Bunk. Mwaka uliofuata wakaingia makubaliano na Kaunti ya Nairobi ya kukarabati McMillan, Kaloleni na Makadara. Matawi mawili ya Eastlands yalikarabatiwa na kufunguliwa tena. Hapo ndipo mjadala ulipopamba moto: je, kazi ya kaunti ifanywe na kaunti, au ifanywe na yeyote anayeweza?

Wanaounga mkono njia ya shirika wana ushahidi mkononi. Kaloleni ni mtaa wa miaka ya 1940 ambao ukumbi wake ulitumika kwa mikutano ya wanasiasa wa kupigania uhuru. Maktaba ya mtaa kama huo ilikaa miaka mingi ikisubiri rangi. Lilipokuja shirika lenye mpango, wafadhili wakatoa fedha ambazo pengine wasingethubutu kuziweka katika akaunti ya kaunti inayotajwa mara kwa mara na Mdhibiti wa Bajeti kwa malimbikizo ya madeni. Mzazi ambaye mtoto wake yuko gredi ya sita leo hawezi kusubiri City Hall, makao ya serikali ya kaunti, ijipange. Mtoto atamaliza shule kabla haijajipanga. Hoja hii inanigusa, na sina jibu la kumkatisha tamaa mzazi huyo.

Upande wa pili unasema hivi: Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Hilo ni jukumu, na jukumu halikabidhiwi mtu kwa sababu ana bidii. Shirika halikuchaguliwa na mtu, na mkazi wa Makadara hawezi kuliondoa kwa kura. Fedha za wafadhili nazo huja kwa mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Ukarabati hupata mfadhili upesi kwa sababu una picha ya kabla na ya baada. Umeme wa kila mwezi, sabuni ya choo, mshahara wa mkutubi na balbu iliyoungua havipati mfadhili. Kisha kuna wafanyakazi wenyewe, watumishi wa kaunti waliokaa na vitabu hivyo miaka ishirini, thelathini, bila vifaa wala shukrani. Mgeni anapokuja na kompyuta na waandishi wa habari, wao hugeuka kuwa sehemu ya uchakavu unaotakiwa kuondolewa. Hilo linauma, na si haki.

Wapo pia wanaosema maktaba si jambo la dharura. Mitaro imeziba, maji ya mfereji huja kwa zamu, na kila kijana ana simu. Kuhusu mitaro wana haki ya kukasirika. Kuhusu simu, waulize wazazi wenye watoto katika mtaala wa umilisi, ule tuliozoea kuuita CBC. Kazi ya nyumbani inataka picha, inataka kuprinti, inataka bando, na bando likiisha saa mbili usiku, kazi imeishia hapo. Simu haina meza.

Sasa nirudi kwenye usimamizi. Nikiwa darasa la saba nilisoma katika maktaba moja ya mtaani ambayo sitaitaja. Mkutubi wetu alikuwa mama wa makamo tuliyezoea kumwita Mama Maktaba. Mvua ikianza tu, alitoa ndoo mbili na karai, akaviweka chini kimoja kimoja bila hata kutazama juu, kwa kuwa alikijua kila kitundu. Kisha tulimsaidia kusogeza rafu ya atlasi mbali na ukuta. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiwaambie wakubwa. Akafungua droo, akatoa faili la kijani. Ndani mlikuwa na nakala za barua zake kuhusu lile paa, mwaka baada ya mwaka, kila moja imegongwa muhuri wa bluu: IMEPOKELEWA.

Nimelifikiria faili lile kila nikisikia mjadala wa nani akarabati. Barua hazikupotea, na aliyezipokea hakukataa. Hakuwepo mtu yeyote mwenye wajibu wa kujibu, wala kikao ambacho barua zile zingesomwa kwa sauti mbele ya wasomaji. Paa lile lingewekwa mabati mapya na shirika au na kaunti, lingevuja tena baada ya miaka kumi, na Mama Maktaba angeanza faili la pili.

Ndiyo maana naona pande zote mbili zinagombania fundi na kumsahau mwangalizi. Tazama yaliyopita City Hall tangu makubaliano ya 2018. Mike Sonko alikuwa gavana, akaondolewa na Seneti Desemba 2020. Mwaka huohuo baadhi ya majukumu makubwa ya jiji yalikuwa yamehamishiwa serikali ya kitaifa chini ya Nairobi Metropolitan Services (NMS). Akaja Ann Kananu, kisha Johnson Sakaja kuanzia Agosti 2022. Kila mabadiliko huleta waziri mwingine wa kaunti, afisa mkuu mwingine, na mtu wa kuelezwa upya kwamba kuna maktaba Kaloleni. Makubaliano yanayotegemea nia njema ya ofisi moja hayawezi kustahimili zamu hizo. Kamati iliyoundwa kwa sheria ya kaunti inaweza.

Ningependa kamati hiyo iwe na wasomaji ndani yake, si wazee wa heshima peke yao. Mwanafunzi mmoja, mzazi mmoja, mkutubi aliyeko kazini, mwakilishi wa mtaa kwa kila tawi, na afisa wa kaunti mwenye mamlaka ya kutia saini. Kama shirika lolote linakarabati, nalo lije mbele ya kamati hiyohiyo na hesabu zake. Hili halimvunjii mtu heshima. Shirika safi litapata kinga dhidi ya uvumi, na kaunti itapata njia ya kusema fedha fulani ziliingia na kazi fulani ikafanyika.

Najua hofu iliyopo: kamati za Nairobi hugeuka kuwa posho na chai. Ni hofu ya kweli, nami naiona kuwa hoja nzito kuliko zote dhidi ya ninachopendekeza. Kinachoweza kuipunguza ni kufanya vikao wazi, kubandika kumbukumbu zake kwenye mlango wa maktaba, na kuipa kamati mambo machache ya kufuatilia yanayohesabika: saa za kufungua, vitabu vilivyonunuliwa, matengenezo yaliyoombwa na tarehe yalipofanywa. Na hati ya kiwanja. Tangu ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 tunajua jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa watu binafsi. Maktaba iliyokaa kimya katikati ya Eastlands, katika kiwanja chenye thamani kuongezeka kila mwaka, haina usalama kama wakazi hawajui hati yake iko kwa nani.

Sheria za kudai haya tunazo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu anayeomba taarifa, kwa hiyo mkazi anaweza kuuliza kwa barua maktaba yake ilitengewa shilingi ngapi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu kupeleka ombi rasmi bunge la kaunti, na inazitaka mamlaka za kaunti kuyajibu maombi ya wananchi bila kukawia. Muhuri wa IMEPOKELEWA peke yake hautoshi tena.

Kinachotuponza ni kalenda. Wengi wetu hupaza sauti Juni, bajeti inapotangazwa, wakati mlango umeshafungwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba mosi, waraka wa mikakati ya fedha kufikia mwisho wa Februari, na makadirio kufikia Aprili 30. Fungu la matunzo ya maktaba lisipoingia kwenye mpango wa Septemba, mwakilishi wadi atatuambia Aprili, tena kwa ukweli, kwamba hana mahali pa kulichomeka. Kati ya wawakilishi 85 wa wadi za Nairobi, anayehitajika kwanza ni mmoja tu wa kuibeba hoja hii mezani. Wakazi wa Kaloleni na Makadara wanajua ofisi ya mwakilishi wao ilipo. Barua iandikwe Julai, isainiwe na wanaokalia zile meza kila siku, na nakala ibaki maktabani ambapo kila msomaji ataiona, pamoja na jibu lake litakapokuja.