Chumvi ya Kiingereza: nahau za kushika nzima, tashbihi za kutunga mwenyewe

Mtu akitia chumvi kwenye habari, Mswahili anajua ameongeza yasiyokuwepo. Mwingereza akikwambia "take it with a pinch of salt", anakuonya usiyaamini yote uliyosikia. Chumvi ni ile ile inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi na Mtwara, ila kwetu anayeitia ni msemaji, kwao anayeishika ni msikilizaji. Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno atadhani ameambiwa akaikoleze habari, kumbe ameambiwa aipunguzie uzito.

Mitego ya namna hii ndiyo inayowagawa wanaofundisha Kiingereza: nahau zifundishwe mapema, au ziachwe mpaka sarufi ikae sawa?

Wanaotaka ziachwe wana hoja nzito, hasa ukiangalia Kiingereza kinavyotumika huku kusini. Bandarini Mtwara na kwenye biashara ya korosho, mara nyingi wanaozungumza wote wawili wamejifunza lugha hiyo darasani: karani wa hapa na mnunuzi kutoka India au Vietnam. Mmoja akisema "we are in the same boat" akimaanisha shida yetu ni moja, mwenzake anaweza kuelewa kwamba mizigo yao imepakiwa chombo kimoja. Akiomba "a ballpark figure", msemo uliotoka kwenye besiboli ya Marekani, anataka makadirio tu, lakini asiyeujua mchezo huo hana pa kuanzia. "A rough estimate" ingetosha. Tena mwanafunzi ambaye bado anaandika "he go" ana kazi ya haraka kuliko kukariri "it's raining cats and dogs", msemo ambao hata wenye lugha wengi siku hizi wanauona wa kizamani. Mvua ikipiga sana wao husema "it's pouring".

Upande wa pili unaanzia darasani. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na mtoto akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Kinachomkwamisha kwenye kitabu cha jiografia ni misemo kama "give rise to", "take place", "account for" na "as a rule". Kila neno analijua likiwa peke yake, lakini sentensi haimwingii. Chukua hii: "Deforestation gives rise to soil erosion." Akitafuta "give" anapata kutoa, akitafuta "rise" anapata kupanda, na anaishia kuandika kwamba ukataji miti unapandisha udongo. Maana yake ni kusababisha tu. Misemo hii haina picha ya kuvutia, ndiyo maana haibandikwi ukutani pamoja na paka na mbwa, lakini inarudi karibu kila sura. Kwa aina hii sioni sababu ya kusubiri. Ianze kufundishwa wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza, na mwalimu wa jiografia aifundishe sawa na mwalimu wa Kiingereza.

Kosa la pande zote mbili ni kutia nahau na tashbihi kwenye kapu moja, wakati tabia zake ni tofauti.

Nahau imefungwa. "She kicked the bucket" ni kwamba amefariki. "She kicked a bucket" ni kwamba amepiga teke ndoo. Ukigeuza sentensi iwe "the bucket was kicked", kifo kimetoweka na ndoo imebaki. "A piece of cake" ni kazi rahisi, lakini ukichomeka "the" ikawa "a piece of the cake" umeomba kipande cha keki. Kwa kuwa Kiswahili hakina "a" na "the", hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Nahau iandikwe daftarini na vineno vyake vyote, isikatwe.

Msemo wa nyumbani unasaidia kushika maana, mradi tofauti isemwe. "Spill the beans", yaani kutoa siri, iko jirani na kumwaga mtama kwenye kuku wengi, ila mtama wetu unamwagwa mbele ya kundi, na maharage yao yanamwagika hata sikioni mwa mtu mmoja. Asichanganye na kumwaga unga, maana huko ni kupoteza kazi. Mtoto wa Newala au Tandahimba aliyebangua korosho na kuunguzwa na mafuta ya ganda haelezwi mara mbili "a hard nut to crack", yaani jambo gumu kulitatua. Wa Mikindani anayezijua kamba za tanga atashika upesi "learn the ropes", yaani kuizoea kazi mpya.

Kuna pia adabu ya msemo, na hapa orodha nyingi zinawaponza watu. Zinaandika "kick the bucket: kufariki" na kuishia hapo. Msemo huo una utani ndani yake, uzito wake ni kama kukata kamba. Msibani husemi marehemu amekata kamba, unasema ameaga dunia. Kiingereza cha mahali hapo ni "passed away".

Tashbihi iko wazi. Neno "as" au "like" linamwambia msikilizaji kwamba analetewa mfano, kwa hiyo hata mfano mpya utaeleweka. Hakuna haja ya kijana wa Nachingwea kung'ang'ania "as white as snow" wakati "as white as coconut milk" iko jikoni kwao. Akiandika "her hands were as black as a cashew sheller's", msomaji wa London ataona vidole vyeusi hata kama hajawahi kusikia habari za mafuta ya ganda la korosho. Sentensi hiyo ina uhai kuliko "as black as coal" iliyonakiliwa. Zipo chache zilizofungwa kama nahau: "as cool as a cucumber" ni mtu mtulivu, "as fit as a fiddle" ni mwenye afya njema, "as right as rain" ni aliye sawa kabisa. Hizo zishikwe kwa sauti, kwa sababu herufi za mwanzo zinajirudia. Na kwa kuwa swali la kujaza nafasi kwenye "as busy as a ..." linataka nyuki, ishirini hivi zilizozoeleka zikaririwe.

Kwa kazi ya kila siku, nahau 5 kwa wiki zinatosha. Kwa wiki 30 za masomo ni 150. Daftari liwe na safu nne: msemo mzima, sentensi ulimoukuta, maana kwa Kiswahili, na mahali unapofaa, iwe ofisini, kijiweni au msibani. Funika safu ya maana ujipime kesho yake, baada ya siku 3, baada ya wiki, kisha baada ya wiki 3. Zote 5 uzitambue ukizisikia. Ya kuitumia mdomoni chagua moja. Usipange kwa viungo vya mwili. Ukijifunza "in hand", "at hand" na "out of hand" siku moja, vineno vya mbele vitabadilishana nafasi, na anayetaka kusema mambo yamemshinda atasema yako karibu.