Wembe mpya na sindano ya mama: nani anamkinga mtoto dhidi ya pepopunda?

Wanaohoji sindano ya pepopunda kwa wajawazito wana hoja isiyofaa kubezwa. Ugonjwa huu humwingia mtoto mchanga kupitia kitovu. Basi mama akijifungulia mahali safi, mkunga akanawa mikono, kitovu kikakatwa kwa wembe mpya, sindano ya nini? Na kweli usafi huo huzuia hata maambukizi ambayo chanjo hii haiyagusi.

Ila hoja hiyo inaishia mlangoni pa chumba cha kujifungulia. Kidonda cha kitovu huendelea kuwa wazi kwa siku kadhaa nyumbani, na kuna wanaokipaka majivu, udongo, hata samadi. Spora za bakteria wa pepopunda, yaani umbo lao gumu la kujihifadhi, hukaa humo miaka, na kuchemsha maji peke yake si hakika kwamba kutaziua.

Mtoto mwenyewe bado hana silaha. Chanjo yake ya kwanza dhidi ya pepopunda ni ya wiki ya 6, ilhali dalili mara nyingi huanza kati ya siku ya 3 na ya 14. Siku mbili za mwanzo ananyonya na kulia kama kawaida. Kisha taya linakaza, ziwa linamshinda, na akiguswa tu mwili mzima unakakamaa.

Pengo hilo huzibwa na mama. Nusu mililita ya chanjo kwenye msuli wa bega humfanya atengeneze kingamwili, yaani protini za kinga zilizo kwenye damu, za aina ya IgG. Kondo la nyuma lina vipokezi vinavyozishika hizo na kuzivusha hadi kwenye damu ya mtoto. Kingamwili za aina nyingine, IgM, ambazo nazo hutengenezwa, hazina kivuko. Uvushaji huanza polepole na kushika kasi wiki za mwisho za mimba, kiasi kwamba mtoto aliyetimiza miezi huweza kuzaliwa na kiwango kinachozidi cha mama yake. Njiti huikosa sehemu kubwa ya mgawo huo. Malaria iliyojikita kwenye kondo na VVU navyo huupunguza.

Panapoharibika zaidi ni kwenye kalenda. Kwa mama ambaye hajawahi kuchanjwa, dozi ya kwanza huuamsha mwili tu. Ya pili hufuata baada ya wiki 4 au zaidi, na inatakiwa itangulie kujifungua kwa angalau wiki 2. Sasa piga hesabu: ameanza kliniki wiki ya 35, dozi ya pili ni wiki ya 39, akijifungua wiki ya 40 kadi ina sindano mbili lakini kingamwili zimepata wiki moja tu. Mtoto huyo akiugua, lawama huangukia chanjo. (Wakati mwingine lawama ni ya friji: chanjo hii ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka.)

Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya watoto wachanga kwa pepopunda kuwa 787,000 mwaka 1988, na 25,000 mwaka 2018. Usafi una sehemu yake humo, bila shaka. Lakini pepopunda haiambukizwi mtu kwa mtu, kwa hiyo chanjo ya jirani haimsaidii mtoto wako. Hata mama aliyewahi kuugua akapona hana kinga: sumu ya bakteria hao inayotosha kuua ni kidogo mno kuufundisha mwili kujihami. Naye bado anahitaji dozi zake.