Maji ni rafiki wa uhai, ila ni rafiki wa kuchungwa

Ukisoma habari za maji na uhai unakuta sifa tupu. Tena si za leo, mwaka 1913 mwanakemia Lawrence Henderson wa Harvard alishatetea hoja kwamba mazingira yenyewe, maji yakiwa mbele kabisa, yanaufaa uhai kwa namna ya pekee. Sikatai, lakini kuna upande wa pili ambao watu wa kemia wanaujua fika na sisi wengine hatuusemi: haya haya maji yanabomoa molekuli za uhai mchana na usiku.

Sifa kwanza maana ni za kweli. Molekuli ya maji imepinda, nyuzi 104.5 hivi, na oksijeni inavutia elektroni kwake kuliko haidrojeni, kwa hiyo upande mmoja una uhasi kidogo na mwingine uchanya kidogo, basi mambo yote yanaanzia hapo. Molekuli zinashikana kwa bondi za haidrojeni, moja moja ni dhaifu, kama kilojuli 20 kwa moli (moli ni kipimo cha kuhesabia molekuli) wakati bondi yenyewe ya O na H inapita 450, ila zikiwa nyingi si mchezo. Haidrojeni salfaidi ni ndugu wa maji mwenye salfa badala ya oksijeni, tena mzito zaidi, lakini inachemka kwenye nyuzi -60 na maji yanangoja mpaka 100. Bila kushikana huko maji yangekuwa gesi na mimi nisingekuwepo kuandika. (Habari ya barafu kuelea naipita, imeshasemwa sana.)

Sifa ninayoona haipewi haki yake ni ile ya mafuta. Tumezoea kusema mafuta yanachukia maji, kumbe ni maji ndo yanashikana yenyewe kwa yenyewe mpaka mgeni anasukumwa pembeni. Fosfolipidi, molekuli zenye kichwa kinachopenda maji na mikia ya mafuta, zikisukumwa hivyo zinajipanga tabaka mbili, mikia ndani vichwa nje, ushapata utando wa seli bila fundi! Na protini inajikunja kwa msukumo huo huo, sehemu zisizoelewana na maji zinajificha katikati.

Sasa kesi yenyewe. Lita 1 ya maji ina moli 55 hivi za maji, yaani umati. Kuunga asidi amino mbili, yaani matofali ya protini, lazima itoke molekuli moja ya maji, sasa utatoaje maji wakati umezungukwa na maji pande zote, ni kama kuanika nguo ukiwa umezama mtoni. Mizani inaegemea kuvunja, ndo maana seli inalipa nishati kila inapotengeneza protini. Wanaotafuta chanzo cha uhai hapa wanagawanyika, wapo wanaosema ulianzia kwenye vidimbwi vinavyojaa na kukauka, maana kikikauka minyororo inapata nafasi ya kuungana, na wapo wanaoshikilia chemchemi za moto chini ya bahari, ambao inabidi watueleze huko kunakauka saa ngapi.

DNA nayo haijapona. Mwanakemia Tomas Lindahl alionyesha kwamba inaharibika yenyewe ikiwa tu ndani ya maji, makadirio ni kama besi 10,000 za purini (A na G, mbili kati ya herufi nne za DNA) zinang'oka kila siku kwenye seli moja ya binadamu. Kazi ya ukarabati wa DNA ndo iliyompa yeye, Paul Modrich na Aziz Sancar Nobel ya kemia mwaka 2015.

Watetezi wa maji wana jibu moja ambalo kwangu ni zito: kasi. Bondi ya peptidi, ile inayounga asidi amino, kwenye maji ya pH 7 (yaani si tindikali wala alkali) bila kimeng'enya, protini inayoharakisha kemia, inaweza kukaa miaka mamia. ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ikivunjwa na maji inatoa kama kilojuli 30 kwa moli lakini haikimbilii kuvunjika yenyewe, inasubiri kimeng'enya. Kwa hiyo maji yana nguvu ya kubomoa ila hayana haraka, na huo ucheleweshaji ndo unaoipa seli nafasi ya kuamua kipi kivunjwe na lini, na chakula tunakimeng'enya kwa ubomoaji huo huo.

Kwa hiyo siwezi kusema maji ni adui. Ninachokataa ni kule kusema yalitengenezwa kwa ajili yetu, mimi naona kinyume chake, kemia yetu imejifunza kuishi nayo kwa zaidi ya miaka bilioni 3, sasa lazima yaonekane kama yanatufaa kuliko vyote. Miaka ya 1980 mwanakemia Alexander Klibanov aliweka vimeng'enya kwenye viyeyushi visivyo maji na vikafanya kazi, tena vingine vikaunga vitu ambavyo ndani ya maji vingevivunja. Nilipolisoma hilo nikadhani kesi imeisha, maji yameshindwa. Ila vile vimeng'enya vilikuwa bado vina maji kidogo sana yaliyonata mwilini mwake, na ukiyanyonya na hayo, kimeng'enya kinakakamaa na kazi inasimama.