Ukuta wa udongo hauzuii joto

Kila nikisikia mtu anasema "jenga kwa udongo, udongo unazuia joto," najua hajalala kwenye nyumba ya udongo Bagamoyo mwezi wa pili. Udongo hauzuii joto. Unalimeza, unakaa nalo, halafu unalitema. Ukuta wa sentimita 30 hivi hulichelewesha kwa saa nane hadi kumi, kwa hiyo jua la mchana unalipata ndani wakati watu wanaenda kulala. Kinachozuia ni hewa iliyotulia ndani ya kitu: nyasi kavu, makuti, pumba.

Dodoma kule kuchelewesha kunatosha, maana usiku unapoa. Tembe la bibi yangu Chamwino lilikuwa na kuta za fito na udongo, na paa bapa: magogo, fito, nyasi, kisha udongo wa unene wa shibiri nzima. Ukiingia saa tisa alasiri ya Oktoba ni kama umeingia ndani ya mtungi. Usiku wa Julai, nje nyuzi 13, ukiegemea ukuta unaukuta bado vuguvugu. Sitaki kulipamba. Lilivuja, lilikuwa giza, na kabla ya mvua lazima mtu apande juu kukandika upya.

Mimi nilipojenga nikachukua nusu ya somo. Kuta nene za tofali mbichi, nikazipiga lipu ya udongo wa kichuguu. Juu nikaezeka bati tupu. Dari tutaweka baadaye, si unajua mambo ya hela. Fundi akatikisa kichwa: "Bosi, hapa umejenga tanuri lenye kuta nzuri." Nikacheka. Ilipofika Oktoba, mshumaa uliokuwa juu ya kabati ulikuwa umepinda kama mkia wa mbwa. Nikagusa ukuta: wa baridi kabisa. Joto lote lilikuwa linashuka kutoka kwenye bati, ambalo halina subira, likipigwa na jua dakika chache tu limeshachemka.

Nikaweka dari ya mbao, juu yake nikamwaga pumba za mpunga kutoka Bahi, za kina cha mkono. Panya wamezipenda, hilo nalikubali. Lakini alasiri sasa tunakaa ndani.

Ndiyo maana rafiki yangu wa Bagamoyo akiniomba ramani ya kuta nene namkatalia. Kwao usiku wa Februari joto haliteremki sana chini ya nyuzi 25. Huo ukuta utalitemea wapi? Utalala nalo kama umelala kando ya jiko. Aezeke makuti, afungue madirisha pande mbili, basi. Na wa Makete, ambako baridi haitoki mchana wala usiku, aanze na paa na dari kabla hajahangaika na unene wa tofali.

Stoo yangu bado ina bati tupu. Ndimo tunamokaushia karanga.