Bili Nne, Meza Moja

Jumapili iliyopita tulikutana watu wanne South Philadelphia, Marekani, mitaa michache kutoka soko la Waitaliano la 9th Street, kula kile wanachokiita branchi: si chai ya asubuhi, si chakula cha mchana. Mmombasa mmoja, Mkongo wa Bukavu, Mmarekani niliyewahi kufanya naye kazi, na mimi wa Mwananyamala. Miadi tuliiweka wiki tatu kabla. Wiki tatu, kwa ajili ya mayai!

Kwetu supu ya Jumapili haina miadi. Unavaa ndala, unafika kibandani, unawakuta. Asiyekuwepo anasengenywa mpaka atokee.

Niliagiza mayai yaliyopasuliwa ndani ya sosi ya nyanya, na pembeni madonge mawili ya nyama ya kusaga, kila moja kama ngumi ya mtoto. Watu wa asili ya Kiitaliano mjini hapa sosi hiyo huiita "gravy", yaani mchuzi, na Jumapili huichemsha saa nyingi na nyama humohumo. Wazee wao wengi walitoka kusini mwa Italia na Sicilia, kuanzia miaka ya 1880, maskini waliozoea kuionja nyama siku za sikukuu. Huku wakaikuta rahisi, donge likanenepa, likapandishwa juu ya tambi. Ukiagiza sahani hiyo Italia kwenyewe watakushangaa. Tangu nijue hilo simcheki tena Mtanzania mwenzangu anayesonga ugali wa semolina, ule unga wa ngano.

Ugomvi wangu ulikuwa na bili. Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa "twende tukale", nikaagiza kama mwalikwa, nikaletewa bili yangu peke yangu: dola 31. Mfukoni nilikuwa na 20. Usiku ule niliwapigia nyumbani kuwasimulia roho mbaya ya Wazungu.

Leo nasimama upande wao, na najua nitatukanwa. Nilipopoteza kazi Dar nilikihama kile kibanda cha supu miezi mingi, maana asiye na kitu hukaa kichwa chini akingoja nani atatoa. Na mwenzetu mwenye pikapu, tuliyemgeuza benki yetu, akaanza kunywa supu Kinondoni tusimwone. Hatukugombana hata siku moja, lakini tukapotezana. Hapa naweza kuagiza kahawa tupu, wakanijazia kikombe mara nne, nikalipa changu, na hakuna anayehesabu.

Changu na bakshishi, lakini. Jimbo hili la Pennsylvania, sheria inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.83 kwa saa, mradi bakshishi ijazie ifike kima cha chini cha 7.25. Kwa hiyo ile asilimia 20 ya bili inayoachwa kama bakshishi ndiyo mshahara wa binti aliyekuletea sahani, na Mswahili anayeondoka bila kuiacha asijisifu kuwa mjanja.

Nisichokikubali, na sitakikubali nikikaa huku miaka arobaini, ni kufukuzwa kwa tabasamu. Tulisimama nje kwenye baridi dakika 40 tukingoja meza. Mazungumzo ndiyo kwanza yanachanganya, Mkongo anasimulia msiba wa mjomba wake, bili nne zikatua mezani: "mkiwa tayari, hakuna haraka." Haraka ipo, foleni tunaiona nje ya kioo.

"Hii ni meza au ni choo cha stendi?" Mmombasa akauliza. "Mbona twahimizwa?"

Muuza supu wetu hakuwahi kutufukuza. Alichofanya ni kumtuma mtoto apanguse meza chini ya viwiko vyetu, nasi tukainua viwiko, tukavirudisha.

Msiba wa mjomba tuliumalizia kando ya barabara, mikono mifukoni, saa nzima. Kisha Mmarekani akatoa simu atafute Jumapili nyingine iliyo wazi. Mmombasa akamwambia aifunge: Jumatano anapika mbaazi na mahamri, atakayekuja aje.

"Saa ngapi?" Mmarekani akauliza.

"Ukifika."