Wazee wa baraza wanakumbukwa siku ya kufuta hukumu

Hukumu nyingine ya shamba imefutwa kwenye rufaa. Si kwamba hati ilikuwa ya kughushi, si kwamba shahidi alidanganya. Maoni ya wazee wa baraza, raia wanaokaa na mwenyekiti kusikiliza shauri, hayakusomwa mbele ya wadaawa, yaani wenye kesi, basi. Shauri linarudi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya: mwenyekiti mwingine, wazee wengine, ushahidi upya. Shahidi aliyeona mpaka ukipandwa minyaa keshazikwa. Hongereni sana.

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya Tanzania (Sura ya 216) hakina fumbo: mwenyekiti akae na wazee wawili, nao watoe maoni kabla hajafikia hukumu. Kanuni ya 19 ya kanuni za mabaraza hayo za mwaka 2003 inataka maoni ya maandishi, na Kiswahili ruksa. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai Na. 287 ya 2017 kutoka Mbeya, ikasisitiza kwamba wadaawa wayasikie. Kwa hiyo utetezi ukifungwa, inapangwa tarehe ya maoni, si ya hukumu. Kila mzee anaandika yake. Wadaawa wakiwepo yanasomwa, na mwenendo, yaani kumbukumbu za shauri, unaonyesha yamesomwa. Hukumu inafuata, mwenyekiti akitofautiana na wazee, anatoa sababu. Kuyasoma nusu saa inatosha.

Badala yake mwenyekiti anafunga utetezi na kuruka moja kwa moja kwenye tarehe ya hukumu. Baadaye karatasi za maoni zinakutwa jaladani, na mwenendo kimya. Au mzee aliyewasikiliza mashahidi wa mdai hayupo, anachomekwa mwingine atoe maoni juu ya watu ambao hakuwasikia, wakati kifungu hichohicho kinamruhusu mwenyekiti kuendelea bila aliyekosekana!

Nakiri, shingo upande, kwamba majaji wana haki ya kuzishuku karatasi hizo. Maoni yasiyosomwa yanaweza kuandikwa hata baada ya hukumu. Lakini kifungu cha 45 cha sheria hiyohiyo kinasema uamuzi usitenguliwe kwa kasoro ya utaratibu isipokuwa kasoro hiyo imesababisha haki kupotea, na mara kwa mara tunaambiwa hakiponyi kasoro hii. Yaani maoni yasiyomfunga mwenyekiti akiandika hukumu yanageuka kuwa na nguvu ya kuua shauri zima yasiposomwa. Kama wazee walewale wapo, kwa nini isifutwe hukumu peke yake, jalada lirudi, maoni yasomwe, hukumu iandikwe upya? Nani anaonewa hapo? Sasa anayelipia uzembe wa mwenyekiti ni mwananchi: nauli, wakili, miaka.

Wapo wanaosema tuwaondoe wazee. Kenya iliwaondoa Mahakama Kuu mwaka 2007. Sisi mwaka 2022 tukawafanya wa hiari kwenye kesi za jinai za Mahakama Kuu. Huko nako jaji alikuwa akisahau kuwafafanulia hoja muhimu za sheria, au akiwaachia wawadodose mashahidi kama mawakili, mwenendo unafutwa. Kosa la jaji, anayefungasha virago ni mzee.

Wewe mwenye shauri, ukisikia "utetezi umefungwa", omba hapohapo tarehe ya kusomewa maoni. Ukitajiwa tarehe ya hukumu, simama kwa heshima, pinga, na uombe pingamizi lako liingizwe kwenye mwenendo. Hasa kama unaona unashinda.